UZI: Mvinyo wa Dodoma ukifika Tanga hubadilika ladha. Kosa ni la kiwanda, la basi au la joto letu?

#1 MwanaRaskazone
Salaam wadau. Tuko watu 9, sita wa Tanga mjini na watatu wa Bagamoyo. Tunapanga kwenda Dodoma siku tatu kuzungukia mashamba ya mizabibu na viwanda vya mvinyo. Maswali ni mawili.

La kwanza, tuende mwezi gani?

La pili ndilo linaloleta ubishi kila tukikutana. Mvinyo uleule, lebo ileile, ukionjwa Hombolo, kulekule Dodoma, ni msafi na harufu ya matunda inapanda puani kabla glasi haijafika mdomoni. Chupa ya lebo hiyohiyo ikifunguliwa Ngamiani, hapa Tanga, wiki mbili baadaye, mvinyo umepwaya. Nyingine inanuka kama epo lililokatwa likaachwa mezani. Nyingine inakwaruza koo kama siki. Dai langu ni kwamba safari ndiyo inayoua mvinyo, kiwanda hakina kosa. Anayepinga alete sababu, si kelele.

#2 StendiKange
Ngoja waje wajuzi. Nimeshavuta kiti.

#3 KaoleMagofuni
Mleta mada, nendeni Desemba, ndiyo mavuno. Sisi wa Bagamoyo itabidi tuingie kwanza Dar ndipo tupande Morogoro, kwa hiyo tuongezeeni siku moja.

#4 Mkulima_Mpunguzi
Kaka wa Kaole, Desemba huvuni kitu Dodoma. Utakuta majani mabichi na vishada vya punje ndogo kama mbaazi.

Mzabibu wa huku haulali kama wa Ulaya, maana hakuna baridi ya kuulaza. Kalenda yake ni mkasi. Ukipogoa leo, unavuna baada ya siku 110 hadi 120 hivi, kutegemea aina. Tunaopogoa Oktoba na Novemba tunavuna Februari hadi Aprili. Baada ya hapo mti unapumzishwa kidogo, unapogolewa tena mwishoni mwa Aprili au Mei, na zabibu zinaiva Agosti na Septemba. Mti mmoja, mavuno mawili kwa mwaka. Ndiyo maana ukipita Mei unaweza kukuta shamba moja ni vijiti vitupu na la jirani lina majani tele, na wote wawili wako sawa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa pana jibu la swali la pili pia. Mavuno ya mvua na mavuno ya kiangazi hayatoi mvinyo mmoja. Wakati wa mvua punje inanywa maji na kuvimba, sukari inashuka, na ukungu unaingia ndani ya kishada mahali usipopaona. Unapambana refraktomita, kile kipimo cha sukari ya zabibu, ivuke 18. Kiangazi unamwagilia kwa kipimo, mchana ni mkavu, na usiku wa Juni na Julai unajifunika blanketi. Refraktomita inasoma 20, 21, wakati mwingine 22. Kwa hesabu ya haraka, kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja hutoa asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo zabibu ya 20 inakupa mvinyo wa kama 11, na ya 17 inakupa wa kama 9 na ushee. Mvinyo wa 9 ni mwepesi na haustahimili kukaa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa ulichoonja Hombolo Septemba ni cha kiangazi, na chupa uliyofungua Ngamiani ni ya tangi la mvua. Lebo moja, matangi mawili. Safari haihusiki.

Kwa ziara: anayetaka kuona zabibu zikipimwa, zikisagwa na kuchacha, aje kati ya wiki ya mwisho ya Agosti na katikati ya Septemba. Anayetaka kujifunza kupogoa aje Mei. Februari na Machi mavuno yapo, ila viatu vitabaki shambani kwa tope.

#5 DerevaSegera
Namba 3 amekosea na njia pia. Bagamoyo hadi Msata ni lami, kilomita 64, unatokea barabara kuu ya Segera na Chalinze. Dar huigusi. Watu wa Tanga wanateremka Segera, wale wa Bagamoyo wanawasubiri Msata, mnakwenda pamoja Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, Dodoma. Kutoka Tanga ni karibu kilomita 590. Kwa gari dogo weka saa 9 hadi 10, kwa sababu kuanzia Chalinze malori ni mengi na kwenye vijiji kibao ni 50.

Atakayewaambia mkatize Handeni, Kibirashi, Kibaya mkatokee Kongwa, kwenye ramani anaonekana ana akili. Mna vipande virefu vya vumbi, mvua ikinyesha ni tope. Chupa mtakazorudi nazo zitasagana.

Jambo jingine: mnaingia Dodoma kutoka mashariki, kwa hiyo msilale mjini ndipo mrudi nyuma. Chinangali II iko Chamwino, upande huohuo mnaokuja nao, na kuna shamba kubwa la wakulima lenye umwagiliaji wa matone. Pitieni hapo kwanza. Hombolo mnaingilia Ihumwa, kabla ya kufika mjini. Siku ya pili nendeni kaskazini, Veyula na Makutupora, barabara ya Arusha. Siku ya tatu barabara ya Iringa, Bihawana na Mpunguzi. Mkichanganya mtakula mafuta bure.

#6 KaoleMagofuni
Nimesahihishwa mara mbili kwa posti moja, nashukuru. Na ninyi wa Tanga mliozoea waja leo waondoka leo, siku tatu mtazimudu?

#7 FundiPipa
Naheshimu alichosema Mkulima, lakini hakielezi harufu ya epo. Mvinyo wa mvua ni mwepesi, haunuki epo lililokatwa. Harufu hiyo ni hewa iliyokula mvinyo, na hewa hula mvinyo ambao ulinzi wake umekwisha.

Ulinzi ni salfa. Viwanda hutumia potasiamu metabisulfiti, unga mweupe. Gramu 10 kwenye lita 100 huleta kama miligramu 57 za salfa kwa lita, lakini sehemu yake hufungwa na vitu vingine ndani ya mvinyo, na iliyofungwa hailindi tena. Inayolinda ni ile iliyobaki huru. Na kiasi kinachohitajika kuwa huru kinategemea pH, kipimo cha asidi: pH ikipanda, asidi imepungua. Mvinyo wa pH 3.2 unatosheka na kama miligramu 20 kwa lita. Wa 3.5 unataka kama 40. Wa 3.8 unataka karibu 80. Ona inavyoruka.

Zabibu ya nchi ya joto uchachu wake huungua juani, pH inapanda. Fundi anayetia kipimo kilekile kila mwaka bila kupima pH anatoa mvinyo unaoonekana mzima kwenye chumba chake cha baridi, kisha ukishuka pwani unaanguka. Basi halikuua mgonjwa, lilimkuta hoi.

Kwenye ziara waulizeni swali moja tu: "pH ya tangi hili ni ngapi, na salfa huru ni ngapi?" Fundi mzuri atafungua daftari. Atakayewajibu "tunaweka kawaida", mshajua.

#8 BintiMakorora
Mimi nasema mvinyo haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni joto la glasi.

Chumba cha kuonjea kule kina nyuzi 18 au 20, na mweupe unatolewa kwenye friji. Hapa Tanga chupa imekaa kabatini kwenye nyuzi 30. Mvinyo mwekundu ukinywewa kwenye 30, kileo kinapanda puani peke yake, matunda yanajificha, utamu unakuwa mzito. Watu wanasoma kitabuni kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba, hawajiulizi chumba cha nani. Mwekundu uwe 16 hadi 18, yaani kwa nyumba zetu nusu saa hadi dakika 40 kwenye friji kabla ya kufungua. Mweupe kama Chenin Blanc uwe 8 hadi 10, saa mbili au tatu za friji.

Kabla ya kulaumu kiwanda na basi, pozeni chupa kwanza.

#9 MwanaRaskazone
Dada Makorora, chupa ya siki ilipozwa na bado ilikuwa siki.

#10 BintiMakorora
Basi hiyo ya siki nakuachia. Ile iliyopwaya ni yangu.

#11 Mgema_Mlingotini
Siki tuulizeni sisi watu wa mnazi. Tembo likishuka asubuhi ni tamu, mtoto analipenda. Jioni limekuwa kali. Kesho yake ni siki ya kutilia kachumbari. Hakuna aliyetia kitu, kila kinachohitajika kilikuwa hewani na kwenye kibuyu. Hamira inakula sukari inatoa kileo, kisha vijidudu vya siki vinakula kileo, na hivyo vya pili haviishi bila hewa.

Kwa hiyo tafuteni hewa imeingilia wapi. Mgema anayetaka tembo lake lisiharakishe anaosha kibuyu kwa maji ya moto kila mara anapopanda, maana mabaki ya jana ndiyo mbegu ya siki ya leo. Pipa la mvinyo ni vivyo hivyo. Tangi lililojaa nusu, na juu pamebaki wazi, ni kibuyu kisichooshwa.

Na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mvinyo wa Dodoma umesifiwa sana miaka hii. Wauzaji wa madumu ya mitaani msiwaamini kwa sababu tu dumu limetoka Dodoma.

#12 FundiPipa
Mgema kanisaidia. Vijidudu vya siki vinataka hewa, na chupa iliyozibwa sawasawa haina hewa ya kutosha. Chupa iliyofungwa ikanuka siki baada ya wiki mbili, ilitoka na siki yake kiwandani.

#13 DerevaSegera
Iliyozibwa sawasawa, ndiyo. Lakini ngoja tupige hesabu ya buti.

Mvinyo ukipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 unatanuka. Chupa ya mililita 750 inaongeza kama mililita 4 na nusu. Nafasi iliyoachwa chini ya kizibo cha gome ni sentimita moja na nusu hivi, nayo ni kama mililita 4. Ina maana nafasi imekwisha na kizibo kinasukumwa. Buti ya basi iliyosimama Chalinze saa saba mchana inapita 40 bila shida. Usiku basi linapoa, mvinyo unasinyaa, unavuta hewa kupitia ubavuni mwa kizibo. Kesho yake tena. Ukikuta kizibo kimechomoza milimita mbili tatu juu ya mdomo wa chupa, au kuna mstari mwekundu unaonata kando ya kizibo, hiyo chupa imepigwa na joto.

Angalieni hilo kabla ya kununua hata kwenye maduka ya Tanga.

#14 StendiKange
Mwenye kizibo cha kusokota je? Chupa iliyofunguliwa Chumbageni mwezi uliopita ilikuwa ya kusokota, haikuvuja hata tone, na bado mvinyo ulikuwa umechoka, rangi inaelekea kahawia.

#15 DerevaSegera
Hapo sina jibu la kizibo. Labda joto lenyewe. Kila nyuzi 10 zikipanda, kuzeeka kunakwenda karibu mara mbili. Mwaka kwenye stoo ya nyuzi 15 si sawa na mwaka kwenye duka la nyuzi 33.

#16 Mkulima_Mpunguzi
Au ni tangi la mvua. Zabibu zilizoguswa na ukungu zina kimeng'enya kinachofanya mvinyo ugeuke kahawia haraka. Narudia, ulizeni umevunwa mwezi gani.

#17 Ustadh_Pongwe
Assalaam aleikum. Mie hivyo vinywaji simo, ila zabibu za kula nazipenda na ardhi ninayo. Naomba mnifahamishe mambo mawili. Zabibu za mezani zinafikaje Tanga zikiwa nzima? Na je, nikileta pingili kutoka Makutupora nikapanda Pongwe, zitazaa?

#18 Mkulima_Mpunguzi
Waaleikum salaam ustadh.

La kwanza, zabibu haiivi ikishachumwa. Onja kabla ya kulipa, usiambiwe "itaiva njiani". Nunua zilizokatwa alfajiri kabla jua halijapasha kishada, na uangalie kikonyo: kikiwa kijani ni ya leo, kikiwa kahawia imelala. Usizioshe, ule unga mweupe juu ya punje ni nta yake na ndiyo kinga. Panga kwenye katoni au kreti lenye matundu, safu moja, mbili zikizidi. Usifunge kwenye mfuko wa nailoni, zitatoa jasho na kufikia Segera zina ukungu. Aina za mezani zinazojulikana huku ni kama Black Rose na Queen of Vineyard. Usichukue Makutupora nyekundu kwa kula, punje ndogo, mbegu nyingi, hiyo ni ya kukamua.

La pili, kuota zitaota. Pingili ya urefu wa kalamu, macho matatu au manne, iliyokatwa kwenye tawi lililokomaa rangi ya kahawia, inaota hata kwenye kopo. Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, samadi iliyooza, nguzo na waya, mwaka mmoja na nusu hadi miwili unaona kishada cha kwanza. Shida itakuja hapo. Ngoja wa pwani waeleze.

#19 KaoleMagofuni
Kuna mizabibu nyumba mbili tatu hapa Bagamoyo, imepanda hadi juu ya paa. Kivuli kizuri sana. Zabibu ni kichane kimoja kwa mwaka, nusu nyeusi nusu kijani.

#20 BwanaShambaAmboni
Hali hiyo ina maelezo. Dodoma inapata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja, kisha miezi saba hakuna tone. Tanga mjini tunapata kama 1,300, masika na vuli, na hata mwezi usio na mvua kuna umande na unyevu wa bahari. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, unataka jani libaki na maji saa chache tu, na hapa kila asubuhi jani lina maji. Ubwiri unga hautaki hata maji, unyevu wa hewa unautosha. Ukipiga dawa ya salfa wakati jua limevuka nyuzi 32, jani linaungua, na hapa saa nne asubuhi tayari uko huko. Kwa hiyo unapiga alfajiri, vuli inakuja kuosha, unapiga tena.

La nusu nyeusi nusu kijani ni macho kutofumuka pamoja. Bila baridi wala ukame wa kuulaza mti, jicho la ncha linatangulia na kuyazuia ya nyuma. Dodoma wanasaidiwa na kiangazi: wanakata maji wiki kadhaa, mti unasinzia, wanapogoa, wanarudisha maji. Pwani huwezi kukata maji ya mbinguni. Kuna nchi za joto wanapaka sianamidi ya hidrojeni kuyaamsha macho yote kwa pamoja, ila ni sumu, na anayeishika akigusa kileo siku hizo anaumwa vibaya. Ustadh kwa hilo uko salama, lakini wafanyakazi je?

Ukipanda miti minne ya kivuli na kula, sawa. Ekari, hapana.

#21 Msambaa_Soni
Mnasema Tanga haiwezi mvinyo, na Sakharani iko mkoa gani? Hapa karibu na Soni, shamba la Wabenediktini, makadamia na mvinyo. Mleta mada, kabla ya kukimbilia Dodoma pandeni Mombo, kilomita 16 hivi za kona mko Soni. Usiku ni baridi, chupa zinakaa vizuri.

#22 BwanaShambaAmboni
Ndugu yangu Msambaa, Usambara ni mkoa wa Tanga kwa ramani, kwa hewa ni nchi nyingine. Hoja yangu ni pwani. Na kwa mizabibu hata kwenu ukungu wa milimani ni adui.

#23 KaoleMagofuni
Mimi naona tunazunguka. Sababu si hewa, ni wamisionari. Dodoma mizabibu ililetwa na mapadri miaka ya 1950, Bihawana, kwa ajili ya divai ya misa. Wangeshukia Tanga leo tungekuwa na mizabibu Tanga.

#24 Mgema_Mlingotini
We wa Kaole kweli unasema hivyo? Mapadri wa Roho Mtakatifu walishuka hapohapo Bagamoyo mwaka 1868, karibu miaka 90 kabla. Walihitaji divai ya misa kila siku ya Mungu, na walikuwa wapanda miti hodari, ile njia ya miembe kwenda kanisani bado ipo. Kama padri peke yake angetosha, Bagamoyo ingekuwa na pipa la kwanza.

#25 KaoleMagofuni
Hiyo ni ya tatu leo. Lakini bado siamini ni hewa tu. Soko pia. Pwani kinywaji kilikuwepo tayari, mnazi umesimama unadondosha bure.

#26 StendiKange
Hoja ya soko naiunga mkono. Turudi kwenye chupa jamani.

#27 MamaJikoNgamiani
Hamjagusa madumu. Wengi wanaorudi kutoka Dodoma hawaleti chupa, wanaleta mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa na kuanza kuchacha, kwenye dumu la lita 20 kwa kuwa ni rahisi, kisha wanauzungumza kama mvinyo wa kiwandani.

Mchuzi uliokatishwa kuchacha ukiwa bado mtamu una sukari na una hamira hai. Ukikaa Tanga unaanza upya. Gramu 4 za sukari zilizobaki kwenye lita moja, zikichacha ndani ya chombo kilichofungwa, zinatoa hewa ya kupandisha mgandamizo kwa kama angahewa moja. Mchuzi wenye gramu 30 hapo ni bomu. Dumu linavimba matako, kifuniko kinapiga mluzi. Ukilegeza kifuniko hewa inatoka, sawa, lakini nyingine inaingia, na Mgema ameshawaambia kinachofuata.

Na plastiki yenyewe inapitisha hewa pole pole. Dumu ni la siku, si la miezi. Ukilazimika: lijaze hadi shingoni, lipoze usiku kucha kabla ya safari, likifika hamishia kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, jaza hadi juu, weka friji, maliza ndani ya wiki.

#28 FundiPipa
Mama amesema kweli tupu. Niongeze: kuna uchachu wa pili usio wa hamira, bakteria wanageuza asidi kali ya zabibu kuwa laini. Kiwandani ukitokea kwenye tangi ni jambo jema. Ukitokea kwenye chupa, mvinyo unatoa vipovu, unatibuka, unanuka kama maziwa yaliyoganda. Unaamshwa na joto la nyuzi 20 na kitu. Stoo ya baridi Dodoma unalala, kabati la Makorora unaamka. Kwa hiyo mwenye chupa ya vipovu asiseme siki.

#29 Mkulima_Mpunguzi
Kwa mnaokuja, mambo ya ziara yenyewe, maana naona mmezama kwenye chupa.

Pigeni simu kabla, angalau wiki moja. Hivi ni viwanda vya kazi, si hoteli, na siku ya kupokea zabibu hakuna wa kuwashika mkono. Fikeni saa mbili asubuhi, ndipo malori yanashusha. Mtaona mzani, kisha mtu anabana punje chache kutoka kreti tofauti juu ya refraktomita na kuitazama dhidi ya jua. Hapo ndipo bei ya mkulima inapokaa, kwa hiyo nyamazeni kidogo. Kisha mashine inatenganisha vikonyo na kupasua punje, bomba linapeleka kwenye tangi. Kilo 100 za zabibu zinatoa lita 60 hadi 70.

Kwenye tangi la mwekundu, maganda yanapanda juu na kuwa kofia nene, unaweza kusimamisha fimbo. Kofia inasukumwa chini mara mbili tatu kwa siku, la sivyo inakauka na kuwa kitanda cha siki. Mkono ukiuweka kwenye bati la tangi unasikia joto. Fundi anataka lisivuke 28 au 30.

Na hili nawasihi. Lita moja ya mchuzi ikichacha inatoa zaidi ya lita 40 za hewa ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini na ndani ya tangi. Haina rangi. Mtu asiinamishe kichwa ndani ya tangi kupiga picha, asishuke kuokota simu iliyoanguka. Kibiriti kikizima karibu na sakafu, tokeni; kikiwaka nacho si hakikisho la usalama.

Viatu vya kufunika. Udi na manukato acheni siku hiyo, najua watu wa Tanga mnapenda kunukia, lakini chumba kizima hakitasikia mvinyo. Onjeni mweupe mkavu kwanza, mwekundu, mwishoni mtamu na dompo. Mililita 30 kila mmoja, temeni kwenye ndoo. Aina sita bila kutema ni karibu glasi nzima na nusu, na bado hamjala. Dereva asionje kabisa.

#30 BintiMakorora
Kwenye kununua someni lebo pia. Ushuru wa bidhaa una kundi la peke yake la mvinyo wenye zabibu za nyumbani zinazovuka asilimia 75. Ulizeni uko kundi gani. Lebo ikiandika "kinywaji chenye ladha ya zabibu", hiyo ni kitu kingine na hakiingii kwenye ubishi huu.

#31 MwanaRaskazone
Ahsanteni. Hadi sasa tuna tangi la mvua, salfa na pH, joto la glasi, kizibo, buti, uchachu wa pili na dumu. Dai langu la basi limebaki na vipande. Tunakwenda Septemba, wiki ya pili. Napendekeza jaribio. Chupa 6 za tangi moja, kizibo cha kusokota. Mbili butini, mbili kwenye boksi la barafu ndani ya gari, mbili zibaki Dodoma. Baada ya mwezi tuzionje.

#32 FundiPipa
Jaribio zuri, lina tundu. Za Dodoma utazionjea wapi? Ukizisafirisha zimepanda basi nazo.

#33 DerevaSegera
Zisafirishwe usiku, ndani ya barafu, na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu. Weka kimoja na butini. Tutajua namba, tusikisie.

#34 BintiMakorora
Na zote sita zipozwe hadi 16 kabla ya kuonja, saa ileile, glasi zilezile, anayemimina asiwe anayeonja. Bila hivyo sishiriki.

#35 Ustadh_Pongwe
Anayemimina nitakuwa mie. Angalau kuna mmoja asiye na ushabiki. Nileteeni na katoni mbili za Black Rose.

#36 Mkulima_Mpunguzi
Chupa mbili zitakazobaki nitazihifadhi hapa Mpunguzi, chini ya kitanda cha zege ambako hakupandi 24. Mkifika, ulizeni tangi limevunwa mwezi gani na muandike kwenye kila chupa kwa kalamu isiyofutika. Likiwa la Machi, badilisheni tangi.

#37 KaoleMagofuni
Sisi watatu tutawasubiri Msata saa mbili asubuhi. Nimeshaiangalia ramani safari hii.